Mstari wa Gwakisa

Mke wangu alifiwa tena asubuhi ile, kabla chai haijachemka.

Mama Lwitiko, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Akasimama kwenye uzio kama kawaida yake, akaita, "Mama Gwakisa, ugonile?" Mke wangu akaitikia vizuri, akamuuliza habari za ng'ombe, akacheka. Kisha nikamwona ametulia na kijiko mkononi, anatafuta kitu kichwani. Nikazima jiko. Nilishajua kinachokuja.

"Hivi Gwakisa yuko wapi?" akauliza.

Hakuniuliza mimi. Alikiuliza kidude kilichobanwa nyuma ya sikio lake, kile tunachokiita kishikizi. Mimi sikisikii, kinanong'onea ndani ya mfupa, lakini jibu lake nalijua kwa sababu nimelisoma. Gwakisa amefariki. Gari lilichukuliwa na maji Kiwira. Mmeshamzika.

Kijiko kikaanguka. Akapiga yowe lile la mama anayesikia kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza. Mama Lwitiko akaweka ndoo chini, akaingia mbio, naye akalia upya. Huwezi kumwambia mtu anayelilia mwanawe kwamba wewe mwenzake umeshalia wiki iliyopita. Mimi nimekuwa fundi wa msiba huu: najua nimshike mabega wakati gani, maji ya kumnawisha yako wapi, na leso ipi haimuwashi uso.

Mchana akalala. Alipoamka alikuwa mzima kabisa, anataka kupika ndizi na maharage.

"Mbona macho yako mekundu?" akaniuliza.

"Vitunguu," nikasema.

"Hujawahi kumenya kitunguu tangu unioe."

"Ndiyo maana vimenionea."

Akacheka. Nami nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba.

*

Nesi Subilaga alikuja na kisanduku chake, akamsikiliza moyo, akakipima kishikizi, akampa pipi kama anavyompa kila mara. Kisha akaniita barazani. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile ya kutokujali mtu.

"Baba Gwakisa, moyo wa mama umechoka," akasema. "Mwili wake haujui kwamba huu ni msiba wa zamani. Kila asubuhi unapokea habari mpya, na kila asubuhi unapigwa. Sitaki kukuficha. Siku moja utapigwa na hautainuka."

"Tumwambie jirani asimwite Mama Gwakisa."

"Umeshamwambia?"

Nilishamwambia. Mama Lwitiko aliniangalia kama nimemtukana. Nimwite mama mzima Tusekile, akasema, kama namtuma dukani? Hata mimi nilijaribu siku moja kumwita jina lake. Mke wangu akaniuliza nimekasirishwa na nini.

"Basi mkizime," nikasema.

"Tukikizima hatauliza. Ila na wewe hatakujua. Hatajua jiko linawaka, hatajua mlango wa choo ni upi. Tangu ule mshipa wa kichwani upasuke, hicho ndicho kinachomshikia mambo ya miaka yote ya karibuni."

"Mkirekebishe, kisimwambie."

Nesi Subilaga ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionikatisha tamaa. "Kishikizi hakimdanganyi mwenye nacho, Baba Gwakisa. Ni sheria yake ya kwanza. Mtu akianza kudanganywa ndani ya sikio lake mwenyewe, amshike nani?"

Nilimuuliza Karani pia. Siku hizi ukitaka programu yoyote, ya kuendesha gari la chai au ya kumwagilia bustani, unaongea na Karani, anaiandika kabla hujamaliza kukohoa. Hakuna mtu anayeandika mwenyewe tena, na hakuna anayesoma alichoandika Karani. Nikasimama mbele ya spika ya ukutani kama mtoto aliyetumwa, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, Baba Gwakisa," akasema. "Hilo sitaliandika."

Hata yeye ananiita hivyo.

*

Sasa kuna jambo langu moja ambalo mtaa mzima unalijua na kulichekea. Mimi naandika programu kwa mkono.

Nilianza utotoni, kwenye duka la mjomba wangu la vyuma chakavu. Kulikuwa na kompyuta ya kizamani, unaiunganisha na televisheni, kibodi yake imekosa herufi Q, ambayo bahati nzuri hatuihitaji. Mjomba alinionyesha mistari miwili tu. Wa kumi: andika AMBILIKILE. Wa ishirini: nenda wa kumi. Nikabonyeza, na jina langu likajaa kioo kizima, likashuka, likashuka, halikomi. Mimi nilikuwa mtoto wa tano nyumbani. Jina langu lilikuwa halijawahi kuitwa mara mbili mfululizo.

Sikupona tena. Nilisoma diploma ya umeme, nikatunza mashine za kukaushia chai kiwandani mpaka Karani alipozichukua, lakini kila jioni nilirudi kwenye mistari yangu. Lugha ndogo, maneno yake hayafiki hamsini, kila mstari na namba yake, kompyuta inaanza juu inashuka chini kama mtu anayesoma sala. Niliandika mchezo wa kubahatisha namba. Niliandika mkeka unaojisuka wenyewe kwa rangi nne. Niliandika ng'ombe anayevuka kioo, akifika ukingoni anageuka. Gwakisa, akiwa na miaka sita, alikaa mapajani kwangu akaongeza mstari wa kumfanya ng'ombe anye. Ilikuwa programu nzuri kuliko zangu zote. Mke wangu akawaambia wenzake kanisani kwamba ana mke mwenza mwenye vibonye.

Halafu mshipa ukapasuka, wakamfunga kishikizi, na siku ya kwanza nilipokichungulia kwa kisomaji changu cha kusomea programu nikacheka peke yangu. Kidude hiki kinaishi kwa joto la mwili. Hakina nguvu ya kubeba programu zile za Karani, kubwa kama ghala. Kwa hiyo waliokitengeneza walikipa lugha ndogo, mistari yenye namba. Lugha yangu. Ilikuwa kama kuwa ugenini, kwenye foleni ya hospitali, ukasikia nyuma yako mtu anaongea kilugha cha kwenu.

Mchana mmoja, mke wangu akiwa amelala, niliweka kisomaji chini ya mto wake, nikakaa kwenye kigoda na kibodi magotini. Mstari ulikuwa huu:

210 KAMA JINA = "GWAKISA" BASI SEMA "AMEFARIKI. GARI LILICHUKULIWA NA MAJI KIWIRA. MMESHAMZIKA"

Ukiandika mstari mpya kwa namba ileile, wa zamani unafutika. Nikaandika:

210 KAMA JINA = "GWAKISA" BASI SEMA "YUKO SAFARINI, ATARUDI"

Nikabonyeza. Nitasema ukweli: vidole vyangu vilifurahi. Mwanangu yuko ardhini, mke wangu namtia uongo kichwani, na vidole vyangu vinafurahi kwa sababu mstari umekubali mara ya kwanza bila kosa.

*

Asubuhi yake Mama Lwitiko akaita, mke wangu akatulia, akauliza. Nilikuwa nimeshikilia kiti. Nikaona uso wake unafunguka.

"Kumbe yuko safarini," akasema. Akaendelea kukoroga uji.

Nilitamani kulala palepale sakafuni. Wiki ile alikula. Aliimba nyimbo za kwaya akikosea maneno. Nesi Subilaga alimsikiliza moyo, akasikiliza tena, akaniangalia, akafunga kisanduku chake. Pipi alinipa mimi.

Lakini kishikizi kinatunza kumbukumbu. Kilikuwa kinamjibu kwamba Gwakisa yuko safarini, na kikimaliza kinamkumbusha kwamba swali hilo ameshaliuliza jana, na juzi, na mwezi uliopita. Hilo sikuliwaza. Nilibadilisha mstari mmoja nikasahau kwamba mingine inausikia.

Siku moja akasukuma sahani. "Mtoto gani huyu asiyepiga simu?"

"Mtandao huko aliko ni mbaya," nikasema.

"Mwezi mzima? Nimemkosea nini mimi?" Akanigeukia. "Ulimfukuza?"

"Mama Gwakisa, mimi nimfukuze?"

"Basi hana adabu. Nimezaa mtu asiye na haya. Akirudi asinisalimie."

Kila siku alikasirika upya kidogo, na kila siku kishikizi kikamkumbusha kwamba jana pia alikasirika. Alianza kumsema vibaya kwa jina. Mimi niliyezoea yowe lake, nikajikuta nalitamani.

Mdogo wake, Tupokigwe, alikuja kutoka Kyela kumsalimia. Alikaa mezani dakika chache akamsikia dada yake akimlaani marehemu huku akichambua dagaa. Akainuka taratibu, akanivuta shati mpaka jikoni.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimempa nafasi ya kupumua."

"Umempa mtoto mwenye roho mbaya. Gwakisa alikuwa anampigia mama yake kila akifika stendi, mpaka tunamcheka. Leo anatukanwa nyumbani kwao na hana mdomo wa kujitetea."

"Nikiurudisha mstari, dada yako atakufa. Nesi kasema."

"Mimi sijasema uurudishe."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sijui, shemeji. Mimi nimesomea ushonaji." Akafuta macho kwa kitenge. "Ila hilo ulilofanya, siyo."

Alirudi Kyela jioni ileile. Hakuniaga.

*

Nilibaki na njia moja, na nilipoifikiria mara ya kwanza nilijionea kinyaa. Mara ya tatu ilishaanza kuonekana kama busara. Kufuta kabisa. Kishikizi kisimjue Gwakisa, kisiwe na jibu, akiuliza kikae kimya mpaka swali lipotee lenyewe. Asiwe amekufa, asiwe safarini. Asiwepo. Hatalia wala hatamlaani mtu ambaye hajazaliwa.

Kwa lugha yangu ni kazi ndogo mno. Unaandika namba ya mstari peke yake, bila neno mbele yake, unabonyeza, na mstari huo haupo tena. Tangu utotoni nimefuta mistari kwa maelfu namna hiyo.

Alikuwa amelala upande, mkono chini ya shavu. Nikaweka kisomaji. Kabla ya kumgusa Gwakisa nikakumbuka kwamba yumo pia kwenye mstari wangu mimi, maana kishikizi kikiniona humwambia, "Huyu ni Baba Gwakisa, mumeo." Ningemfuta mtoto nikabaki mimi natangaza jina lake kila nikiingia mlangoni. Kwa hiyo nikataka kuutazama kwanza mstari wa 200, nione nitaurekebishaje. Ili kuutazama unaandika ORODHA, kisha namba.

Macho yangu yalikuwa yana maji. Vidole vilikuwa vina haraka. Nikaandika 200, nikabonyeza.

Neno ORODHA sikuliandika.

Kioo kikawa kitulivu, kikasubiri. Nikaandika sasa, vizuri, herufi kwa herufi: ORODHA 200. Kikajibu: HAUPO.

Nilijua mstari ule kwa kichwa. Ningeweza kuuandika nimefumba macho. Lakini maneno hayakuwa kitu. Kilichokuwa kimefungwa kwenye mstari ule ni sura yangu na sauti yangu kama alivyozipokea yeye siku ya kwanza, na mstari ukifutwa vinafutwa palepale. Kliniki hawana nakala. Watu unaowajua ni siri yako, sheria hairuhusu watunzwe mahali pengine. Na mtu haingizwi tena kwenye kishikizi mpaka mwenye nacho atamke kwa mdomo wake, akimwangalia, huyu ni nani.

Nilikaa pale nimeshika kibodi kama sinia. Ile 210 sikuigusa. Sikuwa tena na mkono ninaouamini.

Akaamka.

*

"Wewe nani?" akasema.

"Mimi ni Ambilikile. Mumeo."

Akajivuta mpaka ukutani na shuka lake. "Mume wangu ni kijana," akasema. "Ana nywele."

"Zilikuwepo."

"Toka chumbani kwangu."

Nikatoka. Nilikaa sebuleni, kwenye kochi nililonunua mwenyewe, magoti yamebanana kama mtu anayeomba kazi. Nilifikiria kumsubiri Tupokigwe aje anisemee, kama bado ningekuwa shemeji yake. Baada ya muda akaja, amejifunga kitenge cha pili, mwiko mkononi. Akasimama mlangoni akaniangalia. Akaangalia picha ya harusi yetu ukutani, akaniangalia tena. Haikumsaidia.

"Unalia nini?" akauliza.

"Vitunguu" ilinifika mdomoni. Sikuisema.

Hapo nje Mama Lwitiko alikuwa anarudi na ndoo tupu. Akaita, "Mama Gwakisa, umeshindaje?" Mke wangu akamjibu, nikaona anatulia, anauliza kimoyomoyo, anasikiliza. Nikangoja hasira. Haikuja. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, mwiko magotini, akaongea kwa sauti ndogo, kama watu wanavyoongea na abiria wasiyemjua kwa sababu hawatamwona tena.

"Baba, wewe si wa hapa. Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Humu sikioni naambiwa mwanangu yuko safarini. Lakini yule mama akiniita jina la mwanangu anainamisha macho. Sasa hivi ameinamisha, umeona? Mtoto akiwa safarini, watu wanamwangalia mama yake usoni. Wanauliza atarudi lini, ataleta nini. Huyu haulizi." Akashika mwiko kwa mikono miwili. "Hapa nyumbani kuna mtu ananificha. Wewe huna sababu ya kunificha. Niambie."

Akilini nilimwona Nesi Subilaga barazani, na ule upole wake. Siku moja utapigwa na hautainuka. Niliuangalia mshipa wa shingo ya mke wangu, unavyopiga, na nikajua kwamba neno nitakalosema linaweza kuwa la mwisho kuingia mle. Mistari yangu yote haikunisaidia kitu. Kwenye lugha yangu, kila KAMA ina BASI yake.

"Gwakisa amefariki," nikasema. "Gari lake lilichukuliwa na maji, Kiwira. Alizikwa hapo juu, kwenye migomba. Ulimvika wewe soksi, ukasema kule kuna baridi."

Akaweka mkono kifuani. Nikasogea kumdaka.

Hakupiga yowe. Alipumua, akakaa, akapumua tena. Machozi yakashuka bila sauti mpaka kwenye kitenge. Nilingoja aanguke, na hakuanguka. Sababu siijui.

"Na wewe umejuaje?" akauliza mwishowe.

"Nilikuwepo."

"Una mtoto?"

"Nilikuwa naye."

"Alifariki?"

"Ndiyo."

"Pole, baba. Aliitwa nani?"

Nilijaribu kumtajia jina lingine lolote. Halikupatikana. "Gwakisa," nikasema.

"Kama wangu," akasema, na akanyoosha mkono akanishika kiganja, mkono ninaoujua kila kovu lake, akanishika kama mgeni. "Basi tukae chini. Mfiwa hakai kwenye kochi."

Akatandika mkeka. Tukakaa, miguu tumenyoosha, mvua ikipiga bati. Alinisimulia Gwakisa alivyokuwa mdogo, mimi nikasikiliza kama sijui, nikacheka pale pa kuchekesha. Kisha akainamisha kichwa upande wa sikio. Kishikizi kilikuwa kimeona mtu kisiyemjua amekaa karibu mno.

"Gwakisa mwanangu amefariki," akakiambia kwa sauti, taratibu, kama anamwandikisha mtoto shule. "Lile la safari futa." Anachotamka mwenyewe hakipingwi na mstari wa mtu mwingine. Akanigeukia, akanitazama usoni kwa makini, kipara, mvi, macho. Moyo wangu ulipiga kama wa kijana aliyepeleka posa.

"Na huyu," akasema, "ni mfiwa mwenzangu."

Nikajua kwamba imeandikwa.

Giza lilipoanza kuingia akawasha taa, akanipa ndizi za mchana, akasimama akinisubiri nimalize. Kesho Mama Lwitiko atapita na ndoo yake, na mimi sijui moyo wake utaamkaje. Nikainuka niage, kwa kuwa mgeni huaga, ingawa sikuwa na pa kwenda.

"Mvua hii utaenda wapi?" akasema.

Akanitangulia ukumbini na taa. Akaupita mlango wa chumba chetu, akafungua wa pili, wa Gwakisa, akakung'uta mto, akalikunjua blanketi upande mmoja.

"Lala humu," akaniambia. "Mwenyewe harudi."